Maji ya Maganda

...na eti nisitupe hata ile nyama nyeupe ya ndani ya ganda, kwa sababu Redio kasema ndiyo yenye nguvu, Redio, kaka yangu wa tumbo moja, tuliyembatiza hivyo kwa kuwa hazimiki, fundi friji asiyejua hata kundi lake la damu, leo ndiye bingwa wa saratani, na mimi niliyesomea, mimi ninayeshinda maabara nikisaga maganda ya machungwa, nimesimama jikoni kwa mama na kisu, namenya, namenya, ili anywe maji machungu halafu aniambie tena haendi hospitali... "Yamechemka?" anauliza kutoka chumbani, bado mama, bado, na teksi iko nje inanguruma, dripu ya tatu ni saa nne, sasa saa tatu na robo, Redio kakaa mbele na dereva, anajifanya anasoma simu, haingii ndani, ataingiaje na moto kauwasha yeye... "Mwambie mwenye gari aende zake, dawa yangu ninayo humu humu ndani." Humu humu ndani. Ni titi, mama, ni saratani, si kikohozi. Dripu mbili nywele zikaisha, mdomo ukajaa vidonda, akatapika mpaka nyongo, nani asingechoka, naelewa, lakini uvimbe ulikuwa umeanza kusinyaa, daktari alituonyesha kwenye picha, halafu wiki iliyopita mama kaamka kasema yeye yuko sawa, hatoki, na leo ndiyo nafasi tuliyoipata kwa kubembeleza... punguza moto, yanafurika. Na yale mabalungi je, kila asubuhi balungi, Redio kasema ni kubwa kuliko chungwa kwa hiyo dawa yake ni nyingi zaidi, hesabu za fundi friji hizo, mpaka daktari akalipiga marufuku, kwamba balungi linafanya baadhi ya vidonge vizidi mwilini, na mama hakumtazama daktari, alinitazama mimi. "Si ulisema mwenyewe, mwanangu?" Nilisema, ndiyo, lakini nilisema nini, kwenye maganda kuna vitu vya asili, tukividondosha kwenye seli za saratani ndani ya kisahani cha maabara zinapunguza kasi ya kukua, nyingine zinakufa, nazihesabu mwenyewe kwenye hadubini mpaka macho yanauma, na wapo watafiti wanaoona kwamba wanaokula machungwa, malimau na ndugu zake kwa wingi huenda wakakingika kidogo na baadhi ya saratani, huenda, kazini kwetu hatuandiki sentensi bila huenda, kwa hiyo kula machungwa, mama, nani kakukataza, ila kinga ni kinga na tiba ni tiba, mwizi akishaingia chumbani hufungi mlango ukasema umemfukuza, na kisahani hakina ini, hakina tumbo, hakina miaka sitini na minne, nimemweleza jana, juzi, ni kumpigia mbuzi gitaa, Mungu anisamehe, mama yangu mzazi... Na sasa kaiwasha tena ile sauti kwenye simu, kila akisubiri maji yake lazima aisikilize, ile aliyorekodi Redio, naichukia, siku ile tumekaa mezani, wiki moja tangu majibu ya mama yatoke, mama anachokonoachokonoa sahani, hali, hasemi, na mjomba ananiuliza hivi wewe umesoma miaka yote hiyo uje kusaga maganda, wakacheka, Redio akacheka kuliko wote, na mimi nikasema cheka tu, maganda yanaua saratani. Nilisema yanaua. Kisahani sikukitaja, neno huenda sikulitaja, ninaloliandika mara mia kwa siku, na mjomba akaweka kijiko chini, mama akainua uso, mara ya kwanza wiki nzima, Redio akatoa simu akasema hebu rudia, na mimi... nikarudia. Nilikohoa kwanza, nikaweka sauti vizuri. Inasikika hapo, kikohozi kile, halafu mimi, taratibu, kama mtu wa kwenye taarifa ya habari. Redio hakuongeza neno, kasambaza tu, nimemtukana miezi miwili kwa maneno yangu mwenyewe. Na nilimwona mama anachota wali, anaanza kula, nikajua kaelewa vibaya, nikamwacha, kwa sababu walikuwa wamenyamaza wananisikiliza, watu ambao hawajawahi kunisikiliza. Kwa hiyo tafiti nimeshamwambia, daktari nimeshamnukuu, kitu kimoja tu sijamwambia, kwamba nilikuwa najisifu... "Nyanyua sufuria basi, yatakauka," anasema, sauti nyepesi, haina wasiwasi hata kidogo, na ndicho kinachonitia uchungu, woga wake wote niliuondoa siku ile kwa maneno matatu, na sasa, kabla ya saa nne, natakiwa niingie chumbani nimrudishie woga huo mkononi, halafu nimwombe apande nao garini.