Mlango wa Teksi ya Baba

Wivu ulimkamata Fundi Nyundo mlangoni kabisa, hata juisi hajapewa. Mdogo wake, Kitinda, kama walivyozoea kumwita nyumbani kwa kuwa ni wa mwisho, alisimama katikati ya ukumbi wa maonyesho na shati lisilopigwa pasi, na watu wazima na akili zao wamemzunguka. Na mama yao, jamani! Mama ambaye kwa miaka ishirini na mbili hakukanyaga gereji ya mwanawe mkubwa kwa kisingizio cha magoti, leo alikuwa amepanda ngazi zote zile, tena kwa viatu vipya.

Na kilichowakusanya ni nini? Mlango wa gari. Mlango wa teksi ya marehemu baba yao, umetundikwa ukutani na kumulikwa taa kama bibi harusi. Chini ya kitasa palikuwa na bonyeo. Mzee alizoea kushuka na mizigo mikono yote miwili, akaufunga mlango kwa nyonga, kila siku ya Mungu, mpaka bati likaingia ndani. Mara ngapi Nyundo alimwomba amnyooshee! "Liache hivyo hivyo," mzee alikuwa akisema. Sasa Kitinda, asiyejua hata nyundo inashikwaje, kaung'oa mlango kauita sanaa.

Kitinda alimvuta kaka yake akamtambulisha kwa wenzake wawili. Mmoja, dada mwenye kipara, alichora kwa moshi wa mshumaa. Mwingine, bwana wa ndevu, alishona picha za eksirei kwa uzi mwekundu. Walisema wote ni wasanii wa majaribio. Nyundo akajiuliza mtu mzima anajaribu mpaka lini.

"Na wewe kaka, unafanya kazi gani?" aliuliza dada wa moshi.

"Nanyoosha bodi. Gari lililogongwa likitoka kwangu, hata mwenyewe hajui liligongwa wapi."

"Ala! Kumbe wewe unafuta kile sisi tunachokitafuta!"

Wakacheka. Hawakuwa na ubaya wowote, lakini neno hilo lilimchoma. Papo hapo mama akapita katikati yao, akaweka kiganja ndani ya lile bonyeo, kikaenea.

"Ni baba yenu huyu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Kitinda mwanangu, Mungu aibariki mikono yako."

Mikono yake! Mikono gani, na mlango ameupigilia misumari miwili tu? Tangu ujana wake Nyundo alikuwa akingoja mama amwambie mara moja tu kwamba kazi yake ni nzuri, basi, na leo neno lenyewe kapewa huyu.

Watu walipoitwa upande wa pili kusikiliza hotuba, yeye alibaki na mlango. Alijiambia anaugusa tu. Mkono ukapita nyuma, kati ya mlango na ukuta, ukalipata bonyeo wenyewe bila kuelekezwa, kiganja kikasukuma. Pwa! Bati likaruka, likawa sawa. Hotuba ikakatika.

Kitinda alifika mbio. "Kaka! Umefanya nini?"

"Mkono umezoea," alisema Nyundo. Uongo mtupu, na alijua.

"Basi rudisha. Si wewe ndiye fundi? Rudisha kama lilivyokuwa!"

Nyundo alilitazama bati. Kubonyeza angeweza, hata mara kumi. Lakini nyonga ya baba angeitoa wapi?

"Siwezi," alisema, kisha akamgeukia mama yake. "Niliona wivu, mama. Nisamehe."

Mama hakumwangalia. Aliweka kiganja pale pale, akakipandisha, akakishusha, akakirudisha tena.

"Umenyoosha vizuri, mwanangu," alisema. "Hata sipaoni lilipokuwa."