Kitenzi cha Mama Mapazia

Darasa la jioni lilikuwa ghorofani, juu ya duka la dobi, kwa hiyo kila neno la Kiingereza walilojifunza lilinukia sabuni. Wanafunzi wote walikuwa watu wazima waliozaliwa na Kiarabu kinywani, na wote walifika wamechoka: kinyozi, muuza nyama, dereva wa lori, na mjane mmoja mshona mapazia ambaye wenzake walimwita Mama Mapazia. Mwalimu, mzee mwembamba aliyestaafu, alikuwa na sharti moja tu. Kila juma alimpa kila mtu kitenzi kimoja, na kitenzi hicho lazima kikatumike nje, kwa binadamu anayeweza kujibu.

"Neno lisilojibiwa bado ni la kitabu," alizoea kusema. "Si lako."

Jioni ile kinyozi ndiye aliyetangulia kutoa taarifa. Alikuwa amepewa kitenzi cha kusubiri.

"Nilimwambia mteja wangu asubiri. Kwa Kiingereza safi kabisa."

"Akajibu?"

"Alisubiri, Mwalimu. Akasubiri weee, mwishowe akaenda kunyolewa kwa jirani."

Darasa zima likaangua kicheko. "Kinyozi," muuza nyama alimtania, "Kiingereza hiki kitakuacha na mkasi mkononi na kiti kitupu."

Mwalimu alijifuta machozi ya kicheko, akaandika ubaoni kitenzi cha Mama Mapazia: *miss*.

"Hiki ni cha mtu asiyekuwepo," alieleza. "Sisi kwa Kiarabu tunamwambia aliye mbali, 'Umeniachia ukiwa,' kana kwamba aliyeondoka ndiye aliyefanya kazi. Waingereza kazi wamempa aliyebaki. *I miss you.* Mimi ndiye ninayeliona pengo lako."

"Makubwa!" alisema muuza nyama. "Uachwe wewe, na kazi uifanye wewe!"

"Kina matumizi mengine, kama ya mtu kuachwa na treni. Tutayafikia. Na msikitupe ovyo. Humwambii hivi mteja ambaye hujamwona tangu juzi. Mama Mapazia, umekipata?"

"Nimekipata, Mwalimu," alijibu, na mkono wake ulikuwa umeishika meza kama anayeogopa kuteleza.

Alijua tangu hapo atakayemwambia. Binti yake wa pekee aliishi ng'ambo na mumewe, na huko alizaliwa mjukuu ambaye Kiarabu hakikumkaa. Kila Jumapili simu ililia, na kila Jumapili binti alisimama katikati yao kama ukuta wenye kidirisha kidogo. Bibi akimimina maneno kikombe kizima, mjukuu alifikishiwa tone: Bibi anakusalimu. Ndiyo sababu mwanamke wa umri wake alikuwa anapanda ngazi za dobi jioni, miguu ikimvimba.

Lakini hiyo ilikuwa nusu ya ukweli, na mbele ya Mungu wake hakujificha. Nusu ya pili ilikuwa binti mwenyewe. Siku binti alipoondoka, mama hakutaka aondoke. Alibaki kwenye cherehani, akaendelea kushona pindo la pazia la watu, wala hakuinua uso hata sanduku lilipokuwa linaburutwa sakafuni. Tangu siku hiyo walizungumza afya, mvua, bei za vitambaa. Neno la hamu halikupita kati yao. Yeye aliona aliyekwenda ndiye wa kulianza. Pengine na binti huko aliko alingoja vilevile.

Juma zima alikifanyia kitenzi mazoezi huku akikata vitambaa. Alishangaa kuona hakimuumi. Kilikuwa chepesi mdomoni, kama kiatu cha kujaribu dukani ambacho hakijatembea popote. Jumapili alisali, akanawa uso, akakaa kwenye kiti cha cherehani na kungoja.

Simu ilipolia hakungoja hata salamu zimalizike.

"Mwanangu, nipe mtoto. Usinitafsirie leo."

"Mama, hamtaelewana."

"Nipe tu."

Akasikia pumzi ndogo masikioni mwake. Akasema, taratibu, kila neno likikaa peke yake: "*I miss you.*"

 Kisha sauti ya mtoto, nyangavu, ikajibu kwa maneno yaleyale, ikaongeza mengine mengi yaliyompita mbio. Bibi alicheka peke yake chumbani. Limejibiwa! Limekuwa langu!

Ndipo simu ikabadilisha mikono.

"Mama." Sauti ya binti ilikuwa imeshuka. "Amekuja mbio kuniambia. Nani amekufundisha neno hilo?"

"Nasoma jioni. Juu ya dobi. Tuko na kinyozi na muuza nyama, wachekeshaji hao, usiseme."

"Kwa ajili yake?"

"Kwa ajili yake."

 "Na mimi je?" binti aliuliza. "Niambie na mimi, Mama. Ila usiniambie kwa Kiingereza. Hicho nakisikia kutwa, hata dukani."

Mama Mapazia alifungua kinywa. Neno la Kiarabu, lile alilolisikia kwa mama yake na bibi yake kabla hajajua kutembea, lilikuwa pale pale, zito kama robota la kitambaa kilicholowa. Alilivuta, halikuja.  Upande wa pili hakuna aliyemhimiza, wala hakuna aliyekata simu.

"Mola nisaidie," alinong'ona, na hakujali kama anasikika.

Kisha akasema. "Umeniachia ukiwa, mwanangu. Hapana, ngoja. Ukiwa niliujenga mwenyewe, nikakaa ndani nikakulaumu wewe. Nina hamu nawe. Nyumba hii imenishinda ukubwa. Nina hamu nawe tangu siku ile, ulipokuwa bado unatafuta kitasa cha mlango utoke."

 Binti alilia kama alivyokuwa analia utotoni, kwa kuvuta pumzi ndani mara tatu tatu, na mama akazitambua pumzi hizo moja moja. Nyuma yake mtoto alikuwa anauliza jambo kwa Kiingereza, anauliza tena na tena. Mama Mapazia hakuelewa hata neno. Aliibana simu sikioni kwa mikono miwili, akaendelea kusikiliza.