Chupa ya Kokugonza

Kokugonza hakuwa amelia. Mtoto wake alizaliwa kabla ya siku zake, kimya, na sasa alikuwa amefungwa kwenye kitenge chini ya dirisha la wodi, huko Bukoba. Safari ya tatu hiyo. Yeye alikuwa anatazama rangi ya ukuta ilivyobanduka, basi.

Pembeni aliketi mama mkwe wake, Theopista, aliyetoka Muleba na ndoo yenye mfuniko. Ndoo ilikuwa ya kondo la nyuma. Kwao kondo huzikwa kibanjani, shambani mwa ukoo, kwenye shina la mgomba, na mwanamke ambaye kondo lake halikuzikwa humo ni mgeni tu, hata akizeekea jikoni. Mawili ya kwanza Theopista hakuja kuyachukua. Safari hii kaja, na sababu hakusema.

Ndipo akaingia Daktari Joyness, mtafiti, binti wa kijiji cha Kashozi. Akainama kumwamkia mama, akawapa pole, kisha akamgeukia Kokugonza.

"Dada, naomba kitu kigumu. Kabla kondo halijaondoka, unipe kipande cha chupa."

Theopista akaruka. "Chupa! Kumbe hata leba ameingia nayo?"

"Chupa gani, mama?"

"Ya pombe! Mwanangu Anatory hunipigia simu kila safari: mama, chupa imepasuka, mtoto hayupo. Nikajua huyu analewa, anaanguka na machupa yake. Nimemwombea mpaka jumuiya nzima ya kanisani inajua!"

Kokugonza aliyasikia hayo kama yanasemwa wodi ya jirani. Ndiyo maana, aliwaza, wale wanawake wa jumuiya hunikumbatia huku wananinusa. Aliwaza hivyo, na hakuhisi kitu.

Daktari hakucheka. Alilisogeza beseni lenye kondo, akainua kwa koleo utando mwembamba kama ule unaoganda juu ya maziwa yaliyochemka.

"Chupa ndiyo hii, mama. Inamzunguka mtoto na maji yake. Ya huyu hupasuka mapema, wala hakuna aliyeigonga."

Theopista alitazama. Alizaa wanawe wote nyumbani, na ngozi ile aliijua vizuri. Ila kwamba Kiswahili cha hospitali kinaiita chupa, nani angemwambia?

"Waitu, ndugu zangu," alisema. "Na wewe utaifanyia nini?"

"Nitakuza chembe hai zake kwenye chipu."

"Chipsi?"

"Chipu, mama. Kidude cha plastiki, unakishika kwa vidole viwili. Kina vyumba na vijia vidogo. Chumba hiki chembe za upande wa mtoto, kile za upande wa mama, kama zilivyopakana tumboni. Tunatazama zinavyopashana habari, na nini kinachoulegeza utando."

"Na huyu atapona?" Theopista alimwelekezea mkwewe kidevu.

"Sitawadanganya. Leo hapana. Pengine hata mimba ijayo hapana."

Kokugonza akafungua mdomo. "Za mtoto zitaishi humo?"

"Kwa muda. Lakini si mtoto, dada. Ni chembe tu."

"Na zangu zitakuwa jirani."

"Ndiyo."

Theopista alifunua ndoo. "Mpe kidogo, bojo, mwanangu. Kilichobaki nakizika mwenyewe, kwenye mgomba wa karibu na mlango. Na jumuiya nitawaambia si pombe."

Mgomba wa karibu na mlango! Miaka yote Kokugonza alikuwa akilingoja neno hilo. Akaitafuta furaha ndani yake, asiione.

"Daktari, chukua utando wote," alisema. "Kondo mpe mama."

"Wote?" Theopista alishika ndoo. "Nikazike kitu nusu?"

"Kondo linawatosha, mama. Chupa mlisema ni yangu. Basi naitoa mimi."

Daktari alimuuliza tena kama ana hakika. Kokugonza akaitikia kwa kichwa, naye daktari akautenga utando.

Theopista alilifunga kondo kwenye jani la mgomba alilokuja nalo, taratibu, akalilaza ndooni. Kisha akamwinua mtoto, akamweka kifuani pake mwenyewe. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, maana hakuwa amewahi kumwomba mwanamke huyu kitu.

"Utakuja tumzike pamoja?"

"Nikiweza kusimama, mama."