Majina Yanaitwa Mferejini

"Grand, funga hiyo maji! Barabara yote imelowana!"

Aliyepiga kelele ni Cédric, Mkongomani wa Uvira, mlinzi wa nyumba ya jirani, ambaye humwita Gervais "Grand", yaani kaka mkubwa. Gervais akashtuka, akakimbilia bomba. Kile kidude kinachozunguka kunyunyizia nyasi kilikuwa kimepindukia upande wa ukuta, kikawa kinanywesha lami ya mtaa wa Observatory, hapa Johannesburg, na maji yalikuwa yanateremka mlima kwenda zake mtaa wa Bertrams, anakolala yeye. Mtu aliyekuwa nyapara wa mfereji mzima kule bonde la Rusizi, leo anamwaga maji namna hii! Siku nyingine angejitukana mwenyewe. Leo akili yake haikuwa kwenye nyasi za madam, mwajiri wake. Leo asubuhi, kwao Burundi, majina yanaitwa.

Na kuitwa majina si mchezo. Kila mwaka kabla ya msimu wa mpunga lango la mtoni hufungwa, mfereji ukakauka, na kila mwenye shamba akasimama na jembe lake mbele ya kipande chake. Nyapara hupita akiita. Unaitikia "Nipo!" kwa mdomo wako, unashuka kwenye tope, unachimba. Maji ya mfereji ule hayauzwi, yanalipwa kwa kiuno. Jina lisipoitikiwa misimu mitatu, shamba linapewa mtu mwingine, na anayeulizwa kwanza ni yule aliyekuwa akichimba badala ya mwenyewe.

Basi nani aliyeishikilia sheria hiyo kuliko wote? Gervais huyuhuyu. Enzi zake matajiri wa Bujumbura walikuwa wanatuma vibarua, na vibarua wanakwaruza tope juujuu wanaondoka. Matajiri hawakujali, mashamba yao yalikuwa huko juu karibu na lango, maji yanawafikia tu. Wa chini ndio walivuna makapi. Gervais akasema: sauti ya mwenye shamba, au asihesabiwe. Watu walimpigia makofi siku ile, na yeye akatembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Katikati ya mwaka 2010, baada ya uchaguzi, wakaanza kuja watu asiowajua kuulizia anakolala. Akaondoka. Alimwambia mkewe Emérite ni msimu mmoja, labda miwili, mambo yatatulia. Sasa ni Agosti 2012 na karatasi ya ukimbizi imemfunga mguu: akirudi kule alikokimbia, karatasi imekufa. Jina lake limeshapita mara mbili bila kuitikiwa. Leo ni ya tatu.

Alikuwa na hamu ya kwao, tuseme wazi. Hamu ya Emérite, ya mtoto wao Élysée, na, mtacheka, hamu ya tope. Lile tope jeusi la mfereji linalong'ang'ania miguuni mpaka ulikwangue kwa kijiti. Mwaka wake wa kwanza Johannesburg alipanda maharage nyuma ya nyumba ya madam mwezi wa pili, kama wanavyopanda kwao. Yakatoa maua vizuri kabisa. Kisha asubuhi moja ya mwezi wa tano akayakuta meusi, yameungua na baridi, na akasimama pale akilia kama mtu aliyefiwa. Sasa anamwagia nyasi zisizoliwa na mtu, tena zimekauka kwa baridi, lakini madam ndivyo anavyotaka.

Wazo la simu lilikuwa lake.

"Utaweka spika," alimwambia Emérite jana jioni. "Nyapara Placide akiniita, naitikia mwenyewe."

"Kwa simu, Baba Élysée?"

"Sauti si yangu?"

"Unajua sisi maji tunapata ya mwisho?"

"Najua."

"Hujui. Zamu wanazipanga wale wanaoitwa. Mimi siitwi. Nikisema neno wananiuliza, mwenye shamba anasemaje? Mwaka jana maji yalifika ardhi imeshapasuka, mpunga umekuwa wa njano. Tulivuna nusu."

"Vumilia, mama. Jina likibaki, shamba linabaki."

"Linabaki kwa nani?"

Gervais akacheka, akadhani mkewe anatania. Laini ikakatika. Au mkewe aliikata, hakujua.

Sasa alijikausha mikono kwenye suruali, akasogea mpaka ukutani ambapo mtandao hushika vizuri. Cédric akaja upande wake wa ukuta, kwa sababu habari za watu ndizo zinazomfanya asisinzie kazini.

"Na kama watakataa simu?"

"Sheria inasema sauti. Haisemi miguu."

"Eish! Grand, weye ulikosa kuwa avoka, wakili kabisa." Cédric alicheka mpaka kofia ikamteleza. "Njo uniambie, hilo jembe nalo utalishika na simu?"

Gervais alikuwa ameshapiga namba. Simu ilikuwa imeita, na Emérite alikuwa ameshapokea.

Loo, kelele zile! Watu wanakohoa, watoto wanafukuzwa ukingoni, mtu anadai jembe lake aliloazima jirani. Gervais akafumba macho. Akaona ukingo wote, toka langoni mpaka chini, kila mtu na mahali pake.

"Mama Élysée, leo umekuja na redio?" mwanamume mmoja alitania, watu wakacheka.

"Nimekuja na mwenye shamba," Emérite alisema. Hakucheka.

Placide, nyapara wa sasa, alikuwa ameanza kuita. "Fiacre!" "Nipo!" "Denise!" "Nipo, na mgongo wangu nao upo!" Kicheko tena. Gervais aliwajua kwa mpangilio wa mashamba yao, na kila jina lilimsogeza karibu. Akasafisha koo.

Kisha akasikia kitu kingine, karibu kabisa na simu. Emérite alikuwa anahema.

"Mbona unahema hivyo?"

"Nimeanza tangu alfajiri. Kipande chetu kilikuwa kimejaa mpaka juu, ile mvua ya mwezi wa nne iliporomosha ukingo. Nimebakiza kidogo." Sauti ya Placide ilikuwa inasogea. "Subiri tu. Anakuja. Nimeshaweka spika."

Kwa hiyo mwanamke yule alikuwa amesimama na tope mpaka magotini, amechimba kabla ya watu kuamka, halafu amenyoosha mkono wenye simu ili mwanamume aliyeko Johannesburg aseme "Nipo". Matajiri wa Bujumbura nao walituma vibarua wachimbe badala yao, na hata miongoni mwa hao walikuwepo wazuri kweli. Aibu ikampanda Gervais mpaka masikioni.

"Gervais!"

Wakati ule Placide alikuwa amesimama mbele ya kipande cha Gervais. Cédric akanyoosha mkono juu ya ukuta, akamgonga bega. "Ni weye, Grand! Jibu!"

Alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, alikuwa amelilinda usiku kucha. Akinyamaza, hakuna tena mahali duniani pa kurudi na kusema hapa ni pangu. Alilitaka shamba lile, Mungu anajua alivyolitaka. Akaziba simu kwa kiganja.

"Gervais!"

"Betri imekwisha!" mtu alipiga kelele, wakacheka.

"Gervais." Mara ya tatu Placide aliita taratibu. Walikuwa wamekula pamoja sana, wale wawili.

Emérite alisubiri. Gervais alijua anasubiri kwa sababu kule kuhema kulikuwa kumekoma. Mkewe alimpa muda, alimpa muda mrefu kuliko aliostahili.

"Hayupo," Emérite akasema.

"Kipande hiki anakichimba nani?"

"Mimi."

"Shamba unalitaka?"

"Nalitaka."

"Unaitwa nani?" Placide alimjua vizuri, ila ndivyo inavyoulizwa.

"Emérite."

"Emérite!"

"Nipo!"

Sauti ilimtoka kali hata simu ikakwaruza. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele, wengine wakadakia, kisha Placide akasonga mbele kwa jina linalofuata.

"Réseau ilikata?" Cédric aliuliza, akimaanisha mtandao. Safari hii hakuwa anatania.

Gervais alitikisa kichwa. Akakaa palepale kwenye nyasi zenye maji, suruali ikalowa. Emérite hakukata simu. Lazima aliiweka ukingoni, maana kelele za watu zilienda mbali na yakaja majembe, mengi, kila moja na mlio wake kwenye tope. Akaibana simu sikioni kwa mikono miwili. Alikuwa anatafuta jembe moja, la Emérite, katikati ya yale mengine, na kila alipodhani amelipata, lilinyamaza, likaanza jingine.