Ukimya wa Mkamwana

Kabla hakujapambazuka nilisikia komeo la mlango. Lilivutwa, likarudishwa, likavutwa tena, polepole. Nikawasha taa. Mume wangu Yohana alikuwa amesimama pale miguu mitupu, kiganja kimoja kikipapasa mbao.

"Unafanya nini, Baba Lugano?"

"Najifunza kufunga. Ukienda kwa dada yako nitajifungia humu mpaka urudi."

Dada yangu Angetile alikuwa ameanguka kule Matema akavunjika mguu, na hakuwa na mtu wa kumgeuza kitandani. Ilikuwa lazima niende. Yohana naye alikuwa amepoteza macho yote mawili mwaka uliotangulia, kwa presha ya macho.

"Ukijifungia utakula nini?" nikamuuliza. "Doreen yupo."

"Doreen hayupo. Wewe ukitoka, hapa hapana mtu. Nakaa uani kutwa kama gogo."

Maneno yale yaliniuma kwa ajili ya Doreen. Ni mke wa mwanetu Lugano, ambaye anafanya kazi Tunduma. Tangu Yohana apofuke, Doreen ndiye aliyempikia, akamfulia mashuka, akafagia majani ya migomba kwenye njia ya chooni ili asiteleze. Lakini Yohana naye si mtu wa kusema uongo. Nikaona nisibishane naye. Nikae kwanza pale anapokaa yeye.

Kulipokucha tulitoka, tukaketi mkekani karibu na kakao iliyoanikwa. Nikavua kilemba changu, nikajifunga macho kwa nguvu.

"Mbona umenyamaza?" Yohana akauliza.

"Nimejifunga macho. Nataka kujua unavyoshinda."

Akapapasa mkeka. "Basi sogea. Umekalia kofia yangu."

Tulicheka, kisha kicheko kikaisha. Nilisikia mashine ya kukoboa mpunga, nikasikia watoto wakienda shule, lakini vyote vilikuwa mbali. Pale karibu yetu hapakuwa na kitu. Jua lilihama kutoka mabegani likaja usoni, na sikujua muda umekwenda kiasi gani. Nilidhani nitasikia mengi kuliko siku zote. Niliyoyasikia zaidi ni pumzi za mume wangu.

Baadaye ikaja harufu ya ndizi zilizopikwa na samaki. Nikangoja nikaribishwe. Sikukaribishwa. Nilipoegemea mkono ili ninyooshe mguu, vidole vikazama kwenye chakula cha moto. Sahani ilikuwa imewekwa kando ya goti langu, sijui saa ngapi.

"Nani hapo?"

Kimya.

"Doreen?"

Kimya. Na mtu alikuwepo, maana nilisikia harufu ya moshi wa jikoni kwenye nguo zake. Hofu ikanishika, mimi mwanamke mzima, uani kwangu, mchana.

"Umeona?" Yohana akasema taratibu. "Vitu vinakuja vyenyewe. Zamani nilikuwa nauliza. Sasa nimeacha."

Nikafungua kilemba, mwanga ukaniumiza. Doreen alikuwa amepiga magoti nyuma ya mgomba, ametugeuzia mgongo, kanga ameivuta mpaka usoni. Viatu alikuwa amevua.

Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mkamwana hakutani na baba mkwe. Akimwona huacha njia, huinama pembeni, hamsikizishi sauti yake. Wengi wameiacha siku hizi, lakini Doreen alilelewa Busale na bibi yake, na bibi yule alimfunza. Kila siku nilimwona akiinama vile, nikamsifu moyoni. Haikunijia kwamba heshima ile yote ni ya kuonwa kwa macho. Anayeona anajua ameinamiwa. Asiyeona hapati kitu.

Nikamwendea, nikamshika bega. "Mwanangu, baba yako anasema hapa hapana mtu."

Alinong'ona, akitazama chini. "Mama, mimi nipo. Akiinuka, nami nainuka. Akipotea njia ya chooni huwa narusha kokoto kwenye bati la choo, ili ausikie mlio aelekee huko."

Yohana alisikia. Masikio yake siku hizi hayaachi kitu.

"Aliyekuwa anarusha mawe ni wewe?" akauliza. "Nilidhani ni watoto wananicheka."

Doreen akalia bila sauti. Hata kulia alilia kwa adabu.

Anayeweza kuondoa mwiko ule ni baba mkwe peke yake. Sikumsihi. Marehemu mama yake Yohana hakumtazama baba mkwe wake mpaka siku mzee huyo alipozikwa, na Yohana alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa fahari. Nikakaa, nikangoja. Alikaa sana ameshika kofia yake, akiigeuzageuza. Kisha akageukia migomba, akaukosa ule wa Doreen, akausemesha mwingine.

"Doreen, mimi baba mkwe wako nimeuondoa mwiko. Mama Lugano ni shahidi. Ukipita karibu yangu, sema."

Doreen akaishusha kanga usoni. Akafungua kinywa.

"Ndaga, Baba."

Ilikuwa asante ndogo sana. Yohana akainamisha kichwa kuipokea.

Jioni nilikuwa ndani nikifunga mzigo wa Matema, nikawasikia uani.

"Baba, ni mimi, Doreen. Maji ya kunawa haya, upande wako wa kulia."

Maji yakamwagika kwenye beseni. Hakuondoka. Nadhani alikuwa anatafuta la kusema.

"Mpunga wa bondeni umeanza kuinama, Baba."

"Hata wa kando ya mto?"

"Hata huo. Ila ndege wameanza kuja."

"Wa mwaka huu wamewahi."

"Wamewahi, Baba."

Akaokota beseni. Safari hii nyayo zake zilisikika, maana alikuwa amevaa ndala. Zilikuwa zimekaribia jikoni Yohana alipoita.

"Doreen, ukimaliza vyombo, uje tena."