Damu ya Sadbar

Gulmir aliruka ukuta wa uani asubuhi, akaanguka kifudifudi juu ya majivu, na kabla mbwa hajamfikia alikuwa ameshajikokota hadi kwenye tanuri na kulikumbatia. Torpekai alikuwa amesimama hapo hapo na donge la unga mkononi. Alimtambua mara moja. Mwezi ulikuwa haujaisha tangu mtu huyu ampige mumewe Sadbar risasi ya koo, wakigombea zamu ya maji ya mfereji. Sadbar alikufa kichwa kikiwa ndani ya maji yale yale, yakaenda mekundu mpaka kwenye vitunguu vyao.

"Nimeingia kwako, dada," Gulmir alisema.

Paja lake la kulia lilikuwa limepasuliwa na risasi. Udongo wa tanuri ulikuwa wa moto na viganja vyake vilikuwa vikiungua, lakini hakuliachia.

Torpekai alijua maneno yale yana uzito gani. Anayeyasema ameshika tanuri la nyumba, hata kama ndiye aliyemuua mwenye nyumba, haguswi akiwa ndani, na akitoka husindikizwa salama hadi mpakani mwa ardhi ya ukoo. Alilijua hilo tangu hajaanza kujifunika kichwa. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa na kile chuma cha kuopolea mikate, ncha yake nyekundu, na mkono ukaenda wenyewe. Alimpiga nacho shavuni. Nyama ikatoa mlio wa kuungua. Gulmir akalia kama mtoto, bado amelikumbatia tanuri, na Torpekai alikuwa ameshainua chuma mara ya pili pale mama mkwe wake, Shaperai, alipotoka ndani mbio na kuudaka mkono.

"Mpaka hapo," mama alisema. "Hilo moja nitalibeba nawe. La pili utalibeba peke yako."

Wakamburuta hadi kwenye chumba cha majani ya ng'ombe, wakamfunga paja kwa kilemba chake mwenyewe. Hawakuwa wamemaliza Jandad alipofika langoni. Jandad alikuwa mdogo wake Sadbar, na mtoto wa pekee aliyebaki kwa Shaperai. Ndiye aliyemfyatulia Gulmir risasi ya paja alfajiri ile, akafuata damu juu ya mawe hadi kwa mjane wa kaka yake. Alipiga lango risasi mbili. Moja ilipenya ubao ikampata mbwa tumboni, naye akajiburuta uani akitoa sauti ambayo Torpekai hakuwahi kuisikia kwa mnyama, mpaka akanyamaza.

"Shemeji," Jandad aliita kutoka nje, "mgeni umeshamwandalia chai, au unasubiri nikuletee sukari?"

Hakuingia. Kuvunja lango la kaka yake ili amtoe aliyeomba hifadhi kungemtia aibu mpaka kaburini, na alilijua. Akaketi kwenye jiwe, bunduki mapajani, akaanza kumbembeleza na kumtukana kwa zamu. Mwishowe akasema neno ambalo kila mtu wa bonde lile angelikubali. Torpekai aswali istikhara, sala ya kumwomba Mungu amchagulie, alale, aseme ameona rangi gani. Akiona nyeupe au kijani, yeye Jandad anakwenda zake. Akiona nyekundu au nyeusi, amtoe huyo mbwa wa pili. Ndivyo walivyonunua ng'ombe na kuoza binti zao, kwa rangi za ndotoni.

Torpekai alikuwa ameshaanza kukunja mikono atie udhu. Mama akamzuia.

"Unakwenda kumuuliza Mungu nini? Kama umlinde aliyeingia kwako? Hilo ni wajibu. Mtu haswali istikhara kuuliza kama aswali adhuhuri." Alizungumza kwa sauti ya chini, Jandad asisikie. "Muulize lile lililoachwa mikononi mwako. Akishavuka mpaka, unamdai damu au unamsamehe?"

Maana mjane akisamehe mbele ya mashahidi, hakuna wa kudai tena, na anayeua baada ya hapo ni muuaji kama wauaji wengine. Asiposamehe, Jandad atamuua Gulmir hatua moja nje ya mpaka, kisha ndugu zake Gulmir watamuua Jandad. Mama hakuyasema haya. Aliyatazama tu kupitia tundu la risasi langoni, pale mgongo wa mwanawe ulipoonekana.

"Wewe ungefanya nini?" Torpekai aliuliza.

"Mimi ni mama yake. Usiniulize mimi."

Torpekai alivua gauni lenye damu, akavaa jingine, akaswali rakaa mbili. Kwenye dua akalitaja jambo lake bila kulipamba. Alimwambia Mungu kwamba anataka damu ya Gulmir, anaitaka kwa meno na kwa kucha. Kama ina heri naye, aifanye nyepesi. Kama ina shari, amwepushe nayo, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kujiepusha. Kisha akalala juu ya mkeka mchana ule, chumba cha pili Gulmir akikoroma kwa homa.

Hakuota kitu. Aliamka na alama za mkeka shavuni, basi.

Angeweza kudanganya. Jandad aliuliza kwa hamu, akiwa amesimama, na rangi yoyote ingetosha. Lakini kumsingizia Mungu rangi kulimtisha kuliko bunduki. Akasema hakuona chochote. Jandad akacheka, akasema basi Mungu ametuachia wenyewe, watangulie, yeye atawafuata nyuma.

Baada ya alasiri walitoka. Torpekai alimtupia Gulmir shuka lake begani, bonde zima lione yuko chini ya nani, akampa bega la kuegemea. Mtu alikuwa mzito na shavu lake lilinuka nyama iliyoungua. Jandad alikuja nyuma kama mtu anayefukuza mbuzi.

Njiani Gulmir akaanza kusema kwamba siku ile mferejini Sadbar ndiye aliyemtukania mama yake kwanza.

"Mtaje tena," Torpekai alisema, "nikuachie uanguke kwenye mawe haya."

Gulmir akauma ncha ya shuka, akaendelea kuchechemea.

Mpaka ulikuwa mto mkavu. Ng'ambo walisimama ndugu zake Gulmir na bunduki zao. Walipofika katikati, Gulmir alilivua shuka, akamrudishia.

"Umemaliza kazi yako, dada. Sogea, usije ukaumia."

Nyuma yao Jandad alikoki bunduki. Basi jambo lilikuwa jepesi, jepesi kuliko kuokota kijiti. Alitakiwa asogee tu. Torpekai alilitaka hilo kwa mwili wote, akasubiri miguu yake imtii. Haikusogea. Gulmir aliyumba kwenye lile paja, na mkono wake Torpekai, ule ule wa chuma, ukamdaka asianguke. Akauchukia mkono huo. Hakuwa na huruma hata chembe, lakini mtu hakumwachia.

"Ondoka hapo, shemeji," Jandad alisema.

Torpekai akageukia ng'ambo, akapaza sauti hadi ikampasuka. "Mimi Torpekai, mjane wa Sadbar, nimesamehe damu ya mume wangu. Shuhudieni."

Jandad alimfikia mbio. Kitako cha bunduki kilimpata mdomoni, meno mawili yakatoka, akapiga magoti. Akatema damu, akayarudia maneno, yakitoka kama ya mlevi. Jandad akampiga tena, begani, mfupa ukalia. Akayarudia. Ng'ambo bunduki zote zilikuwa zimeinuliwa, na hakuna aliyefyatua. Gulmir alikuwa akitambaa kwa mikono kuwaendea ndugu zake.

Jandad alimlenga mgongoni, muda mrefu. Kisha akaishusha, akamimina risasi zote kwenye mchanga wa mto mpaka bunduki ikabaki ikigonga bure. Akakaa chini akalia, mdomo wazi, kama alivyolia siku ya kumtoa Sadbar majini.

"Sina shemeji," alisema. "Nenda."

Torpekai hakwenda. Alikaa kwenye mawe, mkono mmoja umening'inia, akitema damu pembeni, akiwatazama wale wa ng'ambo wakimbeba mtu wao na kuondoka. Alingoja. Nyumbani kwa Shaperai asingerudi bila Jandad.