Ekskaveta Iliyotaka Kuamkiwa

Usiku wa kuamkia leo niliota sina viatu, sina kofia ya chuma, sina kibali cha kuingia mgodini, wala suruali. Hesabu ya shule ya jioni nilikuwa nayo yote.

Nilifungua mlango wa jikoni kutafuta chumvi, nikatokea chini kabisa kwenye mgodi wa shimo la wazi. Mke wangu, Nyanjige, alikuwa amefukiwa na kifusi hadi kiunoni, anamenya karanga kwenye sinia.

"Jua likichomoza kifusi hakijaisha," Shimo likaniambia, "huyu ni wangu."

"Baba Ndalahwa, si unasema ulisoma?" akasema Nyanjige. "Haya, nitoe."

Nikapiga hesabu ukutani kwa kidole. Ekskaveta hujaza lori kwa dakika tatu. Lori huenda kumwaga na kurudi kwa dakika kumi na mbili. Kwa hiyo malori matano, moja likipakiwa na manne yakiwa njiani: ekskaveta haitangoja lori, wala lori halitangoja ekskaveta. Nikapiga mstari chini ya jibu. Malori yakaja yakipiga honi.

Lori la kwanza linasimama. Halipakiwi.

"Hujaamkia," inasema ekskaveta.

"Shikamoo, bibi," linasema lori.

"Mimi chuma tu. Yaamkie meno ya ndoo yangu. Yako sita, na yote ni watu wazima."

Lori linaanza na jino la kushoto. Shikamoo. Marahaba, za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Linahamia jino la pili. Foleni inafika sebuleni kwetu. Lori la tano limekalia kochi. Mashariki kunapambazuka.

"Hesabu yako haina salamu," lori la kwenye kochi linanicheka. "Ulisoma wapi, mzee?"

"Jioni," najibu, nimesimama wima.

"Kifusi kimepanda hadi kidevuni, na wewe unajisifu!" anafoka Nyanjige.

Ndipo ikanijia sarufi.

"Msiamkie jino moja moja!" nikapaza sauti. "Ongezeni *ni*!"

"Shikamooni!" likasema lori.

"Marahaba," yakaitikia meno yote kwa pamoja, na mawe yakaanza kumiminika. Foleni ikatembea. Nyanjige akapanda lori la mwisho na sinia lake, jua likachomoza juu ya shimo tupu. Shimo likasonya.

Nikaamka. Nyanjige alikuwa kando yangu, kitambaa chake cha kichwa kinanuka dizeli. Sisi hatuna hata pikipiki.

Nikachukua karatasi, nikamweleza meneja wa mgodi habari ya ile *ni*.

"Unamwandikia nani?" akauliza Nyanjige bila kufumbua macho.

"Watu wa mgodi."

"Waambie lile lori la mwisho halina breki."

Nikaongeza mstari huo, nikalamba bahasha, nikaifunga, nikampa kondakta wa basi la kwanza la mjini.